Kivuli cha Boriti

Jumanne ya tarehe tisa, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkokoteni wa muuza maji ulisimama mbele ya kizuizi cha mpakani, na juu yake, mahali pa madumu, alilala mke wa mshika kamba. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kabla ya hapo yalikuwa mabaya tu, kama ya watu wote.

Kazi ya mshika kamba haikutaka shule, ndiyo maana aliipata. Boriti ya chuma ilikatiza barabara. Kwenye kitako chake lilining'inia debe lililojaa zege, na kwenye debe ilifungwa kamba. Lori likishagongewa muhuri, yeye huvuta kamba, debe likashuka, boriti ikapanda. Lori likipita, huilegeza pole pole. Madereva walimwita Mzee Kamba tangu akiwa na miaka thelathini. Mkewe, aliyewauzia chai hapo hapo pembeni, walimwita Mama Birika, na yeye aliitikia, kwa sababu birika alikuwa nazo tatu na zote zilikuwa zake.

Sheria ya kamba ilikuwa moja. Juu ya boriti palikuwa na ndoano. Kitambaa chekundu kikitundikwa kwenye ndoano ile, kamba haiguswi, wala hakuna anayevuka hata kwa miguu, hadi aliyekitundika aje akiondoe kwa mkono wake mwenyewe. Aliyetundika hutia sahihi kwenye daftari la kibandani. Miaka ishirini na miwili sheria ile haikumtupa Mzee Kamba. Wakubwa walikuja wakaenda, kila mmoja na sahihi yake, na yeye hakuwahi kulaumiwa.

Jumanne ile kitambaa kilikuwepo. Sahihi haikuwepo.

"Mume wangu, inua basi," mkewe alisema. Tumbo lilimshika tangu alfajiri. Hospitali ilikuwa ng'ambo, hatua mia nne, paa lake linaonekana. Zahanati ya upande huu ilikuwa bado ni kibao.

"Kuna kitambaa," Mzee Kamba alisema.

"Kitoe."

"Si mimi niliyekitundika, Mama."

Mkewe alikiangalia kile kitambaa kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. "Basi kamwite aliyekitundika," alisema.

Alikwenda mbio kwa mfawidhi wa kituo. Mfawidhi alisema hilo ni la halmashauri. Halmashauri walisema ni la watu wa msafara, maana siku ile alikuwa anakuja mgeni mkubwa kuweka jiwe la msingi la kituo kipya cha mpaka. Watu wa msafara walisema wao hawatundiki vitambaa, wao wanatoa maelekezo tu. Aliporudi, muuza maji alikuwa amevua kofia.

Mgeni alifika alasiri kwa helikopta. Alipita juu ya boriti bila kutazama chini, akaweka jiwe, akasema kwamba mpaka ni daraja na wala si ukuta, akapigiwa makofi. Jioni kitambaa hakikuwepo. Hakuna aliyeona kimeondolewa na nani.

Miaka miwili kituo kipya kilipanda. Kilikuwa na vioo, na madirisha ya huduma yenye namba, na mageti yanayofunguka yenyewe mtu akionyesha karatasi. Mwenyekiti wa halmashauri alipita kila wiki na wageni wenye helmeti nyeupe, akawaonyesha kwa kidole mahali patakapokuwa na hoteli, maghala na ajira. Mzee Kamba aliendelea kuvuta kamba. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alizirithi birika tatu pamoja na mahali pa kukaa.

"Wametuua hawa," Mzee Kamba humwambia kila akipokea kikombe. "Wakubwa hawa, shemeji, wametuua na suti zao."

"Wao walitundika," shemeji hujibu huku akipuliza moto. "Kamba ilikuwa mkononi mwa nani?"

Mzee hunywa chai yake, akarudisha kikombe. Kesho yake husema tena maneno yale yale, na shemeji humjibu vile vile.

Ijumaa kabla ya uzinduzi, mchomeleaji aliikata boriti vipande vinne na kuipeleka kwenye vyuma chakavu. Debe la zege lilimshinda, akaliacha. Mzee Kamba alipewa barua ya shukrani yenye jina la mtu mwingine.

Jumamosi asubuhi kivuli cha boriti kilikuwa bado kimelala barabarani.

Kilikatiza lami kutoka ukingo hadi ukingo, cheusi, chenye upana wa paja la mtu. Jua lilipopanda hakikusogea. Saa sita, wakati hata minara haina kivuli, chenyewe kilikuwa pale pale. Lori la kwanza lilifika, tairi za mbele zikakigusa, zikabaki zinazunguka bila kwenda, kama za baiskeli iliyopinduliwa. Dereva alizima injini, akateremka, akajaribu kwa miguu. Mguu wake ulifika juu ya kivuli ukakataa kushuka. Alirudi akafungua chupa ya maji. "Kimefungwa," aliwaambia wa nyuma, nao walizima injini.

Wahandisi walikuja. Walimwaga mchanga juu yake, kivuli kikapanda juu ya mchanga. Walichimbua lami, kikabaki kimelala hewani juu ya shimo, ikabidi walifukie. Mwangaza wa taa kubwa za ujenzi ulikifanya kiwe cheusi zaidi. Karibu na ncha yake palikuwa na kivuli kingine kidogo, chenye pembe nne, kikipepea polepole ingawa upepo haukuwepo. Mzee Kamba alikitambua kabla hajakifikia.

Jumapili foleni ya malori ilifika sokoni, nyanya zikaanza kuvuja chini ya maturubai. Mwenyekiti alikuja mwenyewe, akamkuta Mzee Kamba amekaa juu ya debe la zege.

"Mzee wangu," mwenyekiti alisema, "kesho tuna uzinduzi. Wawekezaji wamelala njiani. Nasikia hiki kitu kinakusikia wewe."

"Kina kitambaa."

"Nimekiona. Kitoe, baba."

"Aje aliyekitundika."

"Hayo ya zamani yashughulikiwe na ofisi. Tufikirie maendeleo."

"Mimi nafikiria kitambaa," Mzee Kamba alisema. "Nipe jina moja tu, mwenyekiti. Aje hapa hata usiku, avae hata baibui asijulikane, akiondoe. Mimi nitavuta."

Mwenyekiti aliunda kamati. Kamati ilikaa chini ya hema la uzinduzi hadi jioni, ikatoa taarifa kwamba kitambaa kilitundikwa. Swali la nani lilipelekwa ngazi ya juu.

Mzee Kamba hakuondoka juu ya debe. Shemeji alimletea chai, akasimama kando yake akiitazama foleni. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, yule mzee alikuwa na kitu ambacho wakubwa walikitaka, na alikishika kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka.

"Ukiachia leo," shemeji alisema, "hawatakujibu tena maishani."

"Najua. Ndiyo maana siachii."

Jumatatu saa nne asubuhi, kati ya hema lenye viti vya kitambaa cheupe na foleni ya malori, ulikuja mkokoteni wa muuza maji. Ulikuwa ule ule, gurudumu la kushoto bado linalia. Juu yake alilala mwanamke mjamzito ambaye uchungu ulimshika tangu usiku wa jana yake, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Muuza maji aliusimamisha mbele ya kivuli. Alimwangalia Mzee Kamba, kisha akaanza kuishika kofia yake.

"Usiivue!" Mzee Kamba alisema.

Aliteremka kutoka kwenye debe. Alikwenda hadi kwenye ncha ya kivuli, akainama, akakiondoa kitambaa. Kilikuwa kizito kama blanketi lililolowa, na baridi. Miaka ishirini na minne hakuwahi kuondoa kitambaa cha mtu. Alikikunja mara nne, akakitia mfukoni, kisha akarudi kwenye debe, akanyoosha mikono mahali kamba ilipokuwa zamani, akavuta.

Kivuli kilinyanyuka.

Kilipanda taratibu, kwa uzito ule ule wa boriti, ila hakikuishia pale boriti ilipokuwa ikiishia. Kilipita paa la vioo, kikapita minara, kikasimama wima angani hadi kwenye mawingu na kuyapita, na ndani yake, asubuhi ile, nyota zilionekana. Ubaridi ulishuka juu ya foleni nzima. Madereva walizima redio mmoja baada ya mwingine bila kuambiwa. Wawekezaji waliinuka kutoka kwenye viti vyeupe. Ndege waliokuwa wakielekea ng'ambo walikizunguka mara moja, kama watu wanaozunguka msikiti au kanisa kabla ya kuingia, halafu wakaendelea. Mwenyekiti alishika mkasi wa utepe kwa mikono miwili akatazama juu, mdomo wazi, na kwa dakika nzima hakuhutubia.

Pale kivuli kilipokuwa kimelala, Mama Birika aliinuka akajipangusa vumbi. Alikuwa na ndala moja. Alimwona mdogo wake na zile birika, akaangalia moto. "Kuni mbichi hizo," alisema. Kisha akashika ukingo wa mkokoteni, upande wa kichwa cha yule mjamzito, akamwambia apumue.

Alipopita karibu na debe alimtazama mumewe aliyekuwa ameikaza kamba isiyokuwepo.

"Shika vizuri," alimwambia. "Usije ukatuangushia."

Alishika vizuri. Mkokoteni ulivuka, gurudumu likilia, Mama Birika akitembea kando yake kwa mguu mmoja peku, hatua mia nne hadi kwenye lile paa. Mzee Kamba hakuweza kumfuata, maana nyuma ya mkokoteni yalikuja malori, na kamba huwezi kuiacha gari likiwa chini. Yalipita yote. Ukapita msafara wa wawekezaji. Akapita mwenyekiti, utepe ukakatwa, makofi yakapigwa, ikasemwa kwamba mpaka ni daraja. Alipoilegeza, saa kumi ilikuwa imepita.

Alivuka akaenda hospitali. Mapokezi alimkuta karani mwenye miwani, akimalizia chapati ya mchana.

"Yule wa mkokoteni amejifungua salama," karani alisema. "Mtoto wa kiume, ana sauti kama honi."

"Na aliyemsindikiza?"

Karani alifungua daftari. "Huyu hapa. Alifika saa tano kasoro, akaandikishwa, akasubiri daktari. Daktari alimpima, akasema alipaswa kuletwa miaka miwili iliyopita. Amekwisha ondoka, mzee wangu. Aliaga vizuri, hata benchi alilifuta." Aligeuza karatasi. "Ila faili lake siwezi kulifunga. Angalia hapa: sababu ya kuchelewa. Na hapa chini, jina la aliyesababisha. Chukua karatasi hii; pakijazwa, niletee."

Sasa Mzee Kamba ana ajira ya mkataba wa miezi mitatu mitatu. Kila asubuhi hukinyanyua kivuli na jioni hukilaza, na wageni huja kukipiga picha. Halmashauri wamekiweka kwenye kabrasha la vivutio. Maghala mawili yamejengwa. Zahanati imebadilishiwa kibao.

Siku zake za mapumziko huvaa shati safi, akakunja ile karatasi ya hospitali, akaenda ofisini. Amefika kwa mfawidhi, kwa mwenyekiti, kwa watu wa msafara, na mara moja hadi kwenye lango la yule mgeni. Kila anapopewa kiti hutoa mfukoni kivuli cha kitambaa, hukikunjua na kukitandaza mezani. Meza huwa baridi. Mkubwa husogeza kikombe chake kisipoe.

"Samahani kwa usumbufu," Mzee Kamba husema. "Hiki alikitundika nani?"