Rangi Haijakauka

Kompyuta ya dukani kwa Dada Chapa ilikuwa ya mezani, kongwe, yenye feni ya kelele, nayo haikuwa na intaneti yake. Ilikula ya simu. Kila asubuhi, akishapangusa vumbi na kupanga karatasi kwenye printa, Dada Chapa alichomeka waya, ncha moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye simu, kisha akaingia kwenye mipangilio ya simu na kuwasha pale palipoandikwa kushiriki intaneti kwa waya. Halafu aliuegemeza waya kwenye kiberiti, maana ulikuwa umelegea shingoni, na ukilala vibaya mtandao unakata. Wifi aliyekuwa naye alikuwa mmoja tu, mke wa kaka yake, na huyo hakuwahi kumuunganisha na chochote.

Simu ilikuwa ya marehemu mama yake. Kompyuta ikishaitambua ililia kengele yake ndogo, na mama akawa ameketi kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, viatu amevivua na kuvipanga pembeni.

"Rangi imekauka?" aliuliza mama.

"Muulize mwanao," alijibu Dada Chapa, akafungua kazi ya kwanza ya siku.

Wateja walimwamkia bibi, wakasogea kidogo apate nafasi. Aliyelalamika alikuwa mwalimu mmoja mwenye mitihani mingi ya kuchapisha, na yeye hakuwa na neno na marehemu kukaa dukani. Alisema tu kwamba bibi akianza kuongea mtandao unakuwa mzito.

Habari ya rangi ilikuwa hivi. Mama yao aliijenga nyumba yake kwa cherehani, chumba baada ya chumba, akishona sare za shule mpaka macho yakaingia ukungu. Alipozeeka, kaka mkubwa alihamia humo na mkewe, eti kumtunza. Huyo kaka watu walimwita Pasi tangu utotoni, kwa sababu hata kwenda kutupa taka alivaa suruali yenye mkunjo wa kukata nyanya. Siku moja Pasi alimleta mama dukani kwa dada yake akiwa na mkoba mmoja. Nyumba inapakwa rangi, alisema, na harufu ya rangi si nzuri kwa kifua cha mzee. Akae hapa nyuma, kwenye chumba cha karatasi, rangi ikikauka atamfuata.

Mama hakuufungua mkoba. Alisema hakuna haja, ni siku mbili tatu. Miezi ikapita. Mama akipiga simu, Pasi alijibu kwamba rangi bado mbichi, baadaye akawa hajibu kabisa. Dada Chapa alikwenda mwenyewe mpaka kwenye ile nyumba, akabandika kiganja kizima ukutani, kikarudi kisafi. Rangi ya buluu ilikuwa imekauka zamani, hata upande wa jua ilishaanza kupauka. Chumba cha mama, kile cha uani, kilikuwa na meza ya kupigia pasi na mashati yaliyotundikwa kama watu kwenye foleni. Alirudi akamwambia mama.

"Usimsingizie kaka yako," mama alisema. "Rangi ya mafuta huchelewa."

Akafa hapo hapo nyuma ya duka, katikati ya maboksi ya karatasi, mkoba ukiwa umefungwa. Pasi alikuja mazikoni na shati lililonyooka, akalia vizuri.

Dada Chapa hakumsamehe wala hakujifanya amemsamehe. Kinyongo alikuwa nacho, na alikitunza kuliko alivyoitunza printa. Akichapa barua ya mtu alimfikiria kaka yake. Akikata karatasi kwa lile panga la mezani alimfikiria zaidi. Hakutaka afe, kufa kungemrahisishia. Alitaka aulizwe lile swali kila siku ya Mungu, asipate pa kukimbilia, mpaka siku atakaposema kwa mdomo wake kwamba rangi imekauka na mama arudi chumbani kwake.

Siku yenyewe ilijileta. Pasi aliingia dukani adhuhuri, akapiga jicho kwenye benchi, akaona si safi, akabaki amesimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Rangi..."

"Tutaongea, mama, nina haraka." Akamgeukia dada yake. "Mdogo wangu, nitengenezee tangazo. Nina chumba cha kupangisha."

"Chumba gani?"

"Kile cha uani. Andika: chumba kikubwa, madirisha mawili, rangi mpya. Hiyo rangi mpya ikolezee wino. Picha zimo kwenye simu, uziweke na ulipandishe mtandaoni."

Dada Chapa aliandika. Alipofika kwenye rangi mpya alikoleza wino kama alivyoagizwa. Hasira ilikuwa imempanda hadi utosini, lakini kazi ni kazi.

"Leta simu," alisema. "Soma pale mlangoni. Hapa kila mteja anakuja na bando lake."

Bango lilikuwepo kweli, tangu zamani, kwa sababu wateja walikuwa wakimmalizia intaneti kwa kutazama mpira. Pasi alitoa simu mpya, nyembamba. Dada Chapa aliichomeka kwa waya wa pili bila kuichomoa ya mama. Kompyuta ikauliza itumie ipi. Akachagua ya Pasi. Kisha akachomoa ncha ya waya wa mama kwenye simu ya zamani, akaielekeza kwenye benchi.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mwanao amekuja kukuchukua."

"Nilijua tu," mama alisema.

Alivaa viatu, akajifunga mtandio vizuri, akaingia kwenye waya. Mkoba ulikwama kidogo pale shingoni palipolegea, Dada Chapa akausukuma kwa kidole. Kompyuta ilipunguza mwendo kwa muda mfupi, halafu simu ya Pasi ikatetemeka juu ya meza. Pasi alikuwa akisoma tangazo lake kwenye kioo.

"Umesahau nukta hapa mwisho," alisema.

Dada Chapa akaiweka nukta.

Yaliyofuata Dada Chapa aliyapata kwa wifi yake, aliyekuja dukani kutoa nakala, sketi yake ina buluu upande mzima. Jioni ile ile Pasi aliwasha data kutazama kama tangazo limepata wateja. Mama akawa amesimama ukumbini, mkoba mkononi. Hakuegemea popote, asije akaharibu kazi ya mafundi. Akauliza kama rangi imekauka.

Jibu lilikuwa maneno mawili, na Pasi aliyajua. Angeyasema, mama angepita moja kwa moja hadi chumbani, angeitoa meza ya pasi nje na kufungua mkoba.

"Bado, mama," Pasi alisema. "Bado mbichi."

Wifi, aliyekuwa ameshika ukuta avue kiatu, mkono ukanata.

"Nyumba nzima?" aliuliza Dada Chapa.

"Nyumba nzima, wifi yangu. Hata nyuma ya kabati."

Pasi alizima data. Mama aliondoka, rangi ikabaki mbichi. Alipoiwasha tena kwa ajili ya kazi, mama alirudi na swali lake, naye akarudia jibu lake, na rangi ikaongezeka unene. Alinunua simu nyingine, mama akahama na namba. Aliita fundi rangi, mtu mwenye uzoefu, aliyenusa ukuta, akaukwaruza kwa ukucha na kujifuta.

"Hii haina tatizo," fundi alisema. "Inakusikiliza wewe mwenye nyumba. Mwambie mama imekauka, itakauka."

"Na dawa nyingine?"

"Hakuna. Nilipe nauli yangu."

Zilikuwa siku tamu kwa Dada Chapa. Pasi alipita barabarani na kiwiko cha buluu. Siku nyingine ilikuwa kola, siku nyingine makalio yote mawili. Ofisini wenzake waliacha kumpa mkono. Aliyekuja kutazama chumba aligusa ukuta kwa adabu, akauliza kitakauka lini, asipopata jibu akaenda zake. Dada Chapa alisimama mlangoni mwa duka kila kaka yake alipopita, akamwamkia kwa furaha, na akishapita alicheka mpaka akashika kizingiti. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, alijiambia, na huyu mamaye alikuwa ameongezewa muda. Mtu aliyewahi kulia kutwa nzima kwa sababu barafu ya ubuyu ilimdondokea kwenye shati la shule, angevumilia mpaka lini? Kuishi na mama yake au kuishi na rangi. Hata mjinga angechagua mama.

Alisubiri. Alimsafishia mama simu yake ya zamani na kuiweka kwenye droo, kwa kuwa haikuwa tena na kazi, kompyuta ikawa inakula bando za wateja.

Lakini kaka yake alianza kupita akiwa msafi. Dada Chapa aliona shati jeupe likienda na likirudi jeupe, na moyo ukamlipuka. Amesema, aliwaza. Hatimaye amesema. Akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa akilifanya hata akiumwa, akaenda kwenye nyumba ya mama yake.

Viti na makabati yote yalikuwa yamesogezwa katikati ya vyumba, mbali na kuta. Ukumbini wifi alikuwa akipita ubavuubavu na sinia la chai, amevaa koti la mvua. Makoti mengine ya mvua yalitundikwa kwenye kamba iliyofungwa nje, na karibu na kamba palikuwa na sanduku la nguo safi za kuvaa ukishatoka. Nyumba nzima ilijua pa kukanyaga. Waliinama kwenye milango bila kufikiri, kama watu walioishi hivyo tangu kuzaliwa.

Mama alikuwa ameketi kibarazani upande wa uani, kwenye kiti cha plastiki, viatu vimepangwa pembeni, simu ya Pasi juu ya kistuli karibu yake. Uso wake ulikuwa umenawiri. Wifi alimwekea chai.

"Karibu, binti yangu," mama alisema. "Umekuja kuomba radhi?"

"Radhi ya nini, mama?"

Mama aliinua kidole cha shahada. Kilikuwa cha buluu mpaka kwenye pingili.

"Nimegusa mwenyewe. Ni mbichi. Tena mbichi kweli, si kidogo. Wewe uliniambia imekauka zamani. Niko kitandani, sina nguvu, unaniambia kaka yako mwongo."

"Wakati ule ilikuwa imekauka."

"Rangi ikishakauka hurudi ubichi? Nimezeeka lakini sijawa punguani." Akanywa chai kidogo. "Ulitaka kunigombanisha na mwanangu. Nimekusamehe, lakini usirudie."

Pasi alitoka ndani, koti la mvua limefungwa hadi kidevuni. Aliwaangalia wote wawili.

"Bado, mama," alisema, kabla hajaulizwa.

"Sijakuharakisha, mwanangu. Kazi nzuri haitaki haraka."

Dada Chapa alimfuata mpaka kwenye kamba ya makoti. Alitamani amkabe kwa ule ule waya.

"Sema, kaka. Maneno mawili tu. Mama aingie ndani."

Pasi alifungua vifungo taratibu, akatundika koti, akachukua shati kutoka kwenye sanduku na kukagua mkunjo wa mkono.

"Niseme nini? Unataka nimdanganye mama? Gusa mwenyewe."

Dada Chapa alibandika kiganja ukutani, palepale alipokibandika siku ile. Kilizama. Alipokitoa kilikuwa cha buluu chote, na ukutani alama yake ilijifuta polepole na kuwa sawa. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kaka yake ilikuwa fupi kweli, imeishia kwenye tangazo la chumba, na yeye ndiye aliyemuongezea urefu, kwa mkono wake, kwa waya wake, na mkoba ulipokwama akausukuma.

Alirudi kibarazani, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, twende dukani. Simu yako ninayo, nimeisafisha."

"Nirudi kule kwenye maboksi? Hapa niko karibu. Nikitazama hivi naliona dirisha langu." Mama alimshika kidevu kwa ile buluu. "Nenda kafungue duka, wateja watakukimbia. Ikikauka nitaitwa."

Dada Chapa akaenda.

Kesho yake alipangusa vumbi, akapanga karatasi kwenye printa, akatoa simu ya mama kwenye droo. Mafuta ya taa hayakuwa yamesaidia, kiganja kilikuwa bado buluu na kila alichoshika kilipata. Alichomeka waya, akawasha kushiriki intaneti, akauegemeza kwenye kiberiti. Kompyuta ililia kengele yake. Benchi lilikuwa tupu, na mtandao ulikuwa na kasi ambayo hakuwahi kuiona.

Yule mwalimu aliingia na mitihani yake. Alitazama kona ya benchi, akasita, maana alikuwa ameshafungua mdomo kuamkia.

"Bibi hayupo leo?"

"Yuko kwake," Dada Chapa alisema. "Anasubiri rangi ikauke."

"Ya maji au ya mafuta?"

"Ya mafuta."

"Aa. Hiyo huchelewa," alisema mwalimu, akakaa katikati ya benchi.