Uvimbe Chini ya Mshono

Fundi cherehani huyu, jamani, hakuna mshono asioutoa kasoro. Pita dukani kwake na gauni jipya, utarudi nyumbani ukiliona tambara. Basi mwanawe Bonge alipofanyiwa upasuaji wa ngiri kinenani, kitu cha kwanza baba mtu alichokagua ni kazi ya uzi. Akaguna, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Huyu daktari ni fundi mwenzangu. Hata pindo la suti halitulii hivi."

Ikawa ndiyo hadithi yake kwa kila mteja.

Juma halijaisha, asubuhi moja mkewe akaingia dukani na mtoto begani. "Baba Bonge, mtoto anatapika. Na kale kauvimbe kamerudi, kagumu, akiguswa tu analia."

Fundi akasogeza mkasi na chaki, akamlaza Bonge juu ya meza ya kukatia, akavaa miwani na kuuinamia mshono. Hapakuwa na uzi uliolegea. Hapakuwa na usaha. "Mshono uko salama kabisa. Ngiri itatokea wapi tena? Daktari si alisema kuvimba kidogo ni kawaida?"

"Alisema kidogo. Huku si kidogo. Twende hospitali."

"Mama Bonge, kazi ya uzi unanifundisha mimi?"

Mama akanyamaza. Lo, laiti asingenyamaza! Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka, na cherehani ikaendelea kunguruma. Jioni Bonge akatapika maji ya kijani. Hapo fundi akaitupa sakafuni suruali ya watu, akambeba mwanawe mbio, miguu peku.

Baada ya upasuaji wa pili daktari alimwita pembeni. Ngiri ilikuwa imetokea tena chini ya mshono, utumbo ukabanwa, na korodani ya upande ule ikakosa damu. "Utumbo tumeuokoa. Korodani imebidi tuitoe. Mngemleta asubuhi..."

"Lakini mshono ulikuwa mzima," fundi alisema.

"Wa ngozi, ndiyo."

Mkewe alikuwa kwenye benchi, amezikumbatia nguo za mtoto. "Amesemaje?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: kazi ya Mungu haina makosa. Fundi akaumeza. "Amesema tungekuja asubuhi, mtoto angebaki mzima. Ungesikilizwa wewe, mke wangu."

Mama alimtazama, wala hakulia. "Na mimi nikakusikiliza wewe," akasema, akampita kwenda kwa mwanawe.