Mheshimiwa na Honi za Harusi

Mke wangu anafundisha farasi kuvuta magari. Mimi ni fundi cherehani. Watu wakisikia hivyo huuliza tulikutana wapi, nami huwaambia ukweli: alikuja dukani kwangu na mkanda wa farasi uliokatika, akataka niushone siku ile ile. Nikamwambia mimi nashona nguo, ngozi siiwezi. Akasema ngozi nayo ilikuwa nguo ya ng'ombe. Nikaushona siku ile ile.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, ambaye aliendesha gari la farasi miaka arobaini mpaka magoti yakamgomea. Mtaani wanamwita Mzee Polepole, kwa kuwa hilo ndilo neno alilowaambia farasi wote aliowahi kuwashika, na ndilo analotuambia sisi tukila kwa pupa. Anaishi nasi, katika chumba cha nyuma kinachotazama banda. Dirisha lake halifungwi, mvua au jua, asije akakosa nafasi ya kukosoa.

Mwaka juzi tulileta farasi mpya. Alikuwa wa kahawia, ana doa jeupe usoni, na alikutazama kana kwamba umemkatiza katikati ya hotuba. Tukamwita Mheshimiwa. Nguvu alikuwa nazo, afya alikuwa nayo, akili tele. Ila aliogopa kila kitu. Mfuko wa plastiki ukipita, anaruka. Mwavuli akiuona, anarudi kinyumenyume. Siku ya pili tu upepo ulijaa ndani ya shati langu lililokuwa limeanikwa kambani, akadhani ni mtu asiye na kichwa anamjia. Akavunja ua. Tulimkuta uani kwa jirani, kasimama kati ya mabeseni ya nguo, anatetemeka, na jirani mwenyewe yuko juu ya meza.

"Huyu tutamfundisha," mke wangu akasema.

"Yupi?" nikauliza, maana jirani naye alikuwa katika hali mbaya.

Mke wangu hana papara. Wiki ya kwanza hakumfunga chochote. Alimpiga brashi tu na kuzungumza naye. Kisha akamzoesha mikanda mgongoni, mmoja mmoja. Kisha akawa anatembea nyuma yake ameshika hatamu ndefu, kama mtu anayeendesha gari ambalo halipo, wakazunguka uwanja mpaka nyasi zikaisha. Baada ya hapo akamfungia tairi kuukuu aliburute, ili ajue kwamba kitu kinachomfuata kwa kelele hakina nia ya kumla. Ndipo ikaja zamu ya kelele zenyewe, nami nikaajiriwa bila kuulizwa.

Nilifungua mwavuli na kuufunga. Nilipiga debe. Nilipasua maputo. Fundi magari akanipa honi ya lori, nikaiunganisha na betri, nikawa nasimama mbali na kubonyeza, kila siku nikisogea hatua mbili. Kelele nyingine Mheshimiwa alizizoea upesi, lakini honi ilimsumbua, kwa hiyo honi mke wangu aliipa karoti yake. Honi ikilia, karoti. Ikilia tena, karoti tena.

"Mnamhonga!" Mzee alipaza sauti dirishani.

"Baba, simhongi. Namtuza."

"Mimi niliwatuliza kwa sauti. Farasi akisikia umetulia, naye anatulia. Wewe unamfundisha kula."

"Baba, nyakati zimebadilika."

"Farasi hajabadilika," Mzee akasema, akaketi.

Baada ya miezi mitatu ungeweza kumpigia honi sikioni. Hakushtuka hata kidogo. Alisimama kwa utulivu, akageuza shingo, akamtazama mke wangu, akanyoosha midomo. Tulifurahi sana. Hakuna aliyejiuliza maswali.

Basi ikaja kazi ya kwanza: kumtoa bibi harusi nyumbani kwao na kumfikisha ukumbini, mwendo wa nusu saa. Nikashona makoti matatu ya bluu iliyokolea, yenye vifungo vya dhahabu: la mke wangu, la Mzee ambaye angekaa kando yake, na langu mimi wa kusimama nyuma. Kusema kweli, yalipendeza. Mke wangu akalivaa, akajipapasa kiunoni.

"Mifuko iko wapi?"

"Koti hili likiwekwa mfuko linatuna. Mfuko unaharibu mshono."

"Na karoti nitaweka wapi?"

"Karoti za nini? Si ameshafuzu?"

Akafunga vifungo, akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu ananipenda. Sijui kama angerudia.

Siku yenyewe, bibi harusi akapanda na mama yake, shela likajaza gari zima, tukaondoka. Nyuma yetu magari kama kumi na tano, la kwanza likiendeshwa na mjomba wa bibi harusi, bwana mnene mwenye furaha nyingi. Kona ya kwanza watoto walipiga makelele. Mheshimiwa akapita. Maputo yakapasuka. Akapita. Mtu akafungua mwavuli hatua tatu kutoka puani mwake, naye akapita kama hakuuona. Machozi yalinilengalenga.

Ndipo mjomba akapiga honi.

Mheshimiwa akasimama. Akageuza shingo, akamtazama mke wangu, akanyoosha midomo.

"Twende," mke wangu akamwambia.

Hakwenda. Yeye wajibu wake alikuwa ameutimiza. Magari ya nyuma yakaona tumesimama, yote kumi na tano yakapiga honi kwa pamoja. Mheshimiwa akageuzia shingo upande wa pili, labda karoti zilikuwa huko.

Mzee akamtazama binti yake, kisha Mheshimiwa, kisha binti yake tena.

"Amechoka?" mama wa bibi harusi akauliza.

"Hapana, mama," mke wangu akajibu. "Anasubiri."

"Anamsubiri nani?"

"Karoti."

Kisha bila kugeuka, kwa sauti ile ile ya siku aliponiletea mkanda wa ngozi, akasema: "Fundi, shuka. Waambie wasipige honi."

Nikakimbia na koti langu lisilo na mfuko mpaka dirishani kwa mjomba, nikamweleza. Akacheka.

"Harusi bila honi? Kwani tunazika?"

"Mjomba, kila ukibonyeza, farasi anasimama."

"Ameshasimama tayari! Acha nibonyeze aondoke." Akabonyeza, kwa muda mrefu, huku ananitazama kwa huruma.

Hapo bibi harusi akainuka garini, shela kalikusanya mkononi kama nguo za kufua. "Mjomba! Ukiigusa tena hiyo honi, leo siolewi, na bwana harusi utaenda kumweleza wewe!"

Mjomba akaachia usukani, akainua mikono yote miwili kama aliyekamatwa. Nikapita gari kwa gari nikiomba, nikipiga magoti penye wabishi. Honi zikanyamaza. Mheshimiwa akangoja kidogo, akapumua kwa masikitiko, akaanza kutembea.

Sasa fikiria: gari la farasi mbele, watu watatu wenye makoti meusimeusi, na nyuma magari kumi na tano yanatambaa bila sauti. Mtaa mzima ukaingiwa na huzuni. Muuza duka akazima redio. Kinyozi akatoka nje na mteja wake aliyenyolewa nusu, wakasimama wameinamisha vichwa, nusu yenye nywele na nusu isiyo nazo. Mama mmoja mtu mzima akaweka kikapu chini.

"Poleni sana, wanangu."

"Ni harusi!" mama wa bibi harusi akamwambia. "Ni harusi, mama!"

"Ndiyo, mwanangu," yule akajibu kwa upole. "Mungu awatie nguvu."

Bibi harusi akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka wanja ukamtiririka, na waliomwona machozi wakazidi kutusikitikia. Mama yake alivumilia mpaka alipomkumbuka yule mteja wa kinyozi. Baada ya hapo naye akaangukia bega la binti yake, wakacheka wote wawili.

Tulikuwa tunauona ukumbi upepo ulipong'oa turubai kwenye lori lililoegeshwa. Lilikuja lote, kubwa kama paa, likapiga lami mbele ya kwato. Hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Mheshimiwa akakakamaa, masikio yakalala, gari likarudi nyuma hatua moja, nami nikaona kwenye akili yangu lile shati kambani na ule ua.

"Polepole, baba," Mzee akasema. Hakupaza sauti. "Polepole."

"Polepole," mke wangu akaitikia, hatamu amezishika bila kuzivuta. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Ilikuwa sauti ya baba yake kabisa, ila nyembamba. "Niko hapa. Polepole."

Walibadilishana neno hilo, baba na binti, kama watu wanaopokezana mtoto. Masikio yakainuka kwanza. Kisha shingo ikalegea. Nikashuka, nikaliburuta turubai kando, naye Mheshimiwa akapita pembeni yake akilitazama kwa dharau.

Ukumbini bibi harusi aliteremka, akaenda moja kwa moja kumshika Mheshimiwa usoni. Mjomba alikuja kuniuliza kama ruhusa ya honi imetoka. Nikamwambia angoje tuondoke na farasi. Tulipofika mtaa wa pili tulimsikia akibonyeza mfululizo, analipa honi zote alizokatazwa.

Nyumbani Mzee alivua koti, akalikunja vizuri, akakaa.

"Sema tu, Baba," mke wangu akasema.

"Sina la kusema. Aliposikia honi hakukimbia. Mimi wangu wa kwanza alikimbia, akaniacha mtaroni na bibi harusi juu yangu."

Hilo hakuwa amewahi kutuambia. Mke wangu alicheka, kisha akamsogelea akakaa chini kando ya kiti chake, wakaanza kupanga.

Mazoezi mapya yalichukua wiki sita. Nilibonyeza honi, na badala ya kupewa karoti Mheshimiwa aliambiwa lile neno la Mzee na kuendelea na mwendo. Karoti ikahamia bandani, kazi ikishaisha. Wiki mbili za kwanza alinitazama kama mtu aliyepunjwa. Mzee aliacha dirisha, akawa anakaa uwanjani kwenye kigoda, anamwambia binti yake ashushe sauti, ashushe tena, hapo hapo.

Harusi iliyofuata magari yalikuwa ishirini na mawili. Yalipiga honi kutoka mlango wa nyumba mpaka mlango wa ukumbi, mimi nyuma nimeziba masikio kwa vidole. Mheshimiwa alikwenda hatua kwa hatua, shingo imenyooka, hakugeuka hata mara moja. Mke wangu alizishika hatamu kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alimshikilia Mzee ukosi wa koti asianguke, maana alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.