Bango Lisilo na Mteja

Kikulacho ki nguoni mwako, na Fundi hakuwa na nguo nyingi za kukagua. Mke alishakwenda zake, marafiki walipukutika alipoanguka kwenye ngazi akavunjika nyonga, na aliyebaki ni mdogo wake wa kike, Kitinda, waliyerithi naye karakana ya mabango ya baba yao. Tangu ajali ile, Fundi alichora chini, Kitinda akapanda juu. Kitinda akiondoka, karakana imekufa. Kwa hiyo alipoanza kumwona mdogo mtu anafunika kompyuta kila yeye akiingia, machale yalimcheza.

Halafu ikaja chaki. Katika karakana hii hakuna anayegusa rangi kabla ya kuchora bango lote kwa chaki ukutani, kipande kwa kipande. Asubuhi hiyo, nyuma ya makopo, Fundi alikuta mchoro mgeni: mpira unadunda, gunia linaanguka, mkia wa paka, miguu inatembea, na mwisho kabisa mtu ameshika brashi. Hakuna jina la duka wala namba ya simu. Bango! Tena la mteja ambaye yeye hajaambiwa.

“Ananizunguka,” alijisemea. “Ameshapata wateja wake, bado kunizika tu.”

Mwenye akili zake angemuuliza mhusika. Fundi alichukua kofia. Lakini ni duka gani linalouza mpira, gunia na mkia wa paka? Hata mganga hana stoo ya namna hiyo. Akaamua kuanza na gunia, akachechemea na fimbo yake hadi kwa muuza nafaka wa mtaa wa pili.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba. Lile bango ulilompa mdogo wangu, unalitaka lini?” alimtegea.

“Bango gani tena? Dada alikuja juzi akaniomba niangushe gunia la unga, yeye anarekodi kwa simu. Nikaangusha. Akasema tena. Nikaangusha hadi likapasuka. Si wewe uliyemtuma?”

“Ndiyo, ndiyo, nilimtuma,” alijibu Fundi na kucheka kicheko kikavu, maana ni aibu kukiri kwamba hujui ya nyumbani kwako. Njia nzima ya kurudi alipiga hesabu za mashaka. Anarekodi bidhaa za watu, anaficha kompyuta: basi anahamia kwa wale wa mabango ya plastiki, yanayochapwa kwa mashine kabla chai haijapoa. Yeye ndiye aliyemfundisha kushika brashi!

Alimkuta Kitinda anaosha brashi kwa mafuta ya taa.

“Mteja nani?” aliuliza, fimbo imeelekea ukutani.

“Mteja wa nini, kaka?”

“Usinifanye mtoto. Mficha uchi hazai.”

Kitinda alitazama ukuta, akamtazama kaka yake, akaanza kucheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akaacha.

“Hilo si bango. Ni masomo yangu.” Alifunua kompyuta. Kwenye kioo mpira ulianguka, ukabonyea ukigusa sakafu, ukaruka tena. “Animesheni. Katuni za kompyuta.”

“Unasoma chuo gani?”

“Chuo mimi, mwalimu mimi. Video za mtandaoni zipo tele, ila programu yenyewe ina vitufe mpaka unasahau ulichofuata. Mwanzoni nilivamia tu, nikataka farasi akimbie siku ya kwanza. Akakimbia kama meza iliyoteguka miguu. Nililia, kaka. Ndiyo nikapanga kama tunavyopanga bango, chaki kwanza. Mpira unifundishe mdundo, gunia linifundishe uzito, mkia ulegevu, miguu mwendo. Kipande kisipokaa sawa, sivuki.”

Fundi alitaka kufurahi, lakini shaka ilikuwa imeshajikalisha kifuani na haikutaka kuhama.

“Sasa jambo zuri hivi ulilificha kwa nini?”

“Kwa sababu ungeniuliza nikimaliza itakuwaje.”

“Haya, nakuuliza. Ukimaliza?”

“Nitaondoka.” Kitinda aliiweka brashi chini. “Kuna kampuni inatengeneza katuni za watoto, iko mbali. Wanataka watu wa kazi hii. Sitakudanganya.”

Kumbe hakukosea. Alikosea bango tu, na laiti angekosea yote. Iliuma. Akachukua kitambaa kibichi ili afute ukuta mzima, abakie na karakana yake na mdogo wake. Mkono ukafika kwenye kipande cha mwisho, ukasita. Mchoro ule ulikuwa na kasoro.

“Huyu nani?”

“Wewe. Nimekuweka mwisho kwa sababu mkono wako umenishinda. Kila nikijaribu, unapaka rangi kama mtu anayefukuza nzi.”

“Unaanzia kiganjani, ndiyo maana. Mkono wa fundi unaanzia begani, na pumzi unaibana mpaka mstari uishe.”

Alitupa kitambaa kwenye ndoo, akachovya brashi kwenye rangi nyekundu.

“Washa simu.”

Akavuta mstari mmoja mrefu ukutani, taratibu, bega likitangulia. Machozi yalimlengalenga, lakini hakuyafuta, maana mkono ungetikisika.

“Umeona?”

“Bega sijaliona vizuri,” alisema Kitinda kwa sauti ndogo.

Fundi akasogea penye mwanga, akachovya tena.