Mikono Kwanza, Urojo Baadaye

Wako watu wenye viwanja, wako wenye mikarafuu, na wako wenye jamaa Maskati. Bi Kazija alikuwa na pembe. Pembe yenyewe ni ya lango la Skuli ya Mferejini, huko Ng'ambo ya Mji Mkongwe, upande wa Amani, pale ukuta unapokutana na nguzo na kivuli hakiondoki mpaka saa sita. Hapo ameuza urojo, mchuzi wa embe na ndimu wenye viazi na bajia, miaka thelathini na moja. Amewalisha watoto, kisha watoto wa watoto hao. Hata mwalimu mkuu wa leo, Mwalimu Abdulrazak, alianza kula urojo wake akiwa darasa la pili, kamasi zinamtoka, kijiko kimoja na wenzake watatu.

Sheria ya pembe ile ilikuwa moja, na haikuwa na rufaa. Hupati bakuli mpaka Bi Kazija aione mikono yako. Ndoo ya maji ipo pembeni na sabuni ipo. Unanawa, unanyosha mikono, viganja juu, kisha unaambiwa, "Geuza." Kucha zikiwa na tope unarudi mwisho wa foleni. Ukimsukuma mwenzako, unarudi pia. Watoto walinung'unika, lakini mbele ya urojo unaotoa moshi nani ana ubavu wa kubisha?

Ikaja korona. Skuli zikafungwa, pembe ikabaki na paka. Miezi mitatu Bi Kazija alikaa nyumbani na mjukuu wake Sumaiya, wa darasa la kwanza, na sufuria kubwa imepinduliwa uani. Alipika kidogo, akawauzia majirani, lakini jirani anakula kimya kimya, anashukuru, anakwenda zake. Bi Kazija alikosa kelele. Alikosa kuitwa mara arubaini kwa pumzi moja. Usiku alikuwa anaota watoto wanabishana nani kapewa viazi vingi, akiamka anakuta nyumba imenyamaza.

Kwa hivyo iliposemwa skuli zinafunguliwa Jumatatu, alipiga mguu mpaka Mji Mkongwe, kwenye duka la Mzee Pirbhai, akarudi na unga wa dengu na bizari. Akaisugua sufuria kwa jivu mpaka ikamwonyesha uso wake. Jumapili alasiri, Mwalimu Abdulrazak akapiga hodi.

Alimwamkia vizuri, shikamoo kamili, lakini macho yake yalikuwa yanazungumza na kizingiti. Akaeleza kwamba umekuja waraka kutoka wizarani. Wauzaji wasikae langoni. Vyombo visichangiwe. Watoto wasisongamane, na kila mmoja anawe mikono kabla hajaingia. Alhamisi atakuja bibi afya kukagua, na asiporidhika, lango litafungwa tena.

"Si mie, Bi Kazija," alisema. "Ni waraka."

"Vyema," alisema Bi Kazija.

Mtu msemaji akisema "vyema" peke yake, ujue kaumia. Mwalimu alijua, akaondoka haraka. Bi Kazija alilia kidogo, na Sumaiya alipomuuliza alisingizia vitunguu. Vitunguu vyenyewe alikuwa hajavinunua.

Jumatatu alimpeleka Sumaiya skuli, kisha akakaa kwenye baraza ya nyumba iliyo mkabala na lango. Si kwa ubaya. Alitaka kuangalia tu. Na kusema kweli, Mwalimu Abdulrazak alikuwa amejitahidi. Alipanga ndoo sita zenye koki, juu ya benchi, kila moja na sabuni yake. Alichora miduara ya chokaa chini, mtoto mmoja na duara lake. Tangi lilijaa. Na kwa kuwa alijua watoto wa kwao, msimamizi wa maji hakumweka mwalimu wa hivi hivi. Alimwomba Maalim Talib.

Maalim Talib ndiye mwenye chuo cha Kurani ambako watoto wote wa mtaa ule husoma jioni. Alikubali bila ya malipo. Akasimama pembeni ya ndoo, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawa, fimbo kwapani. Fimbo ile hakumpiga nayo mtu tangu miaka kumi, ila habari hiyo watoto hawakuletewa.

Kengele ikalia. Akaja mtoto wa kwanza. Akafungua koki, akaosha viganja mara tatu. Vizuri. Akasukutua mara tatu. Akapandisha maji puani, akapenga. Akaosha uso. Akaosha mikono mpaka kwenye viwiko, wa kulia kwanza. Akapaka maji kichwani, akafuta masikio. Kisha akavua viatu, akavua soksi, akaosha miguu, huku akimtazama Maalim kwa pembe ya jicho. Akaja wa pili, akatawadha. Wa tatu naye akatawadha. Ndoo zote sita zikawa zinatawadhisha.

Mwalimu Abdulrazak alikimbia huku na huku akisema mikono tu, jamani, mikono tu. Watoto waliitika "Naam, Mwalimu," kwa adabu kubwa, wakaendelea na miguu.

Ilipofika saa mbili na robo, darasa la kwanza lilikuwa halijesha na tangi lilishaanza kukoroma. Barakoa zilizoteremshwa videvuni zimelowa kama matambara ya deki. Foleni imetoka nje ya lango, imekunja kona, na miduara ya chokaa imepotea chini ya miguu. Bi Kazija alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Alicheka mpaka mabega yakatikisika. Alijiambia kwamba huo sasa ndio waraka, wacha waraka uwapange.

Kisha kicheko kikamkauka. Wale wakubwa walikuwa wamewaegemea wadogo, pumzi kwa pumzi, na katikati yao aliuona mtandio mweupe wa Sumaiya. Akamkumbuka jirani yake, aliyezikwa mwezi wa Aprili na watu wanne, mlango umefungwa, hata kahawa haikumiminwa. Hapo haikuwa mzaha tena. Akaogopa.

Mchana Sumaiya alirudi na soksi mkononi. Bi Kazija alimkalisha akamuuliza kama Mwalimu hakuwaambia waoshe mikono tu. Sumaiya akasema aliwaambia, na walimsikia.

"Sasa miguu uliiosha ya nini?"

"Maalim yupo pale, bibi. Na maji yapo." Sumaiya alimtazama kwa mshangao, kama anayeulizwa kwa nini mvua inalowesha. "Ataangalia visigino."

Ile haikuwa jeuri wala ujinga. Mtoto amefundishwa tangu ana miaka minne kwamba maji na Maalim Talib vikikutana ni udhu, na mwili ukishasoma kitu hausubiri kuulizwa. Akatazama ukutani, kwenye msumari uliponing'inia upawa wake wa kifuu, wa kutekea urojo, mpini umechakaa mahali pa kidole gumba. Na mbele ya huu, alijiuliza, miili yao imesoma nini?

Jibu alilipata hapo hapo, lakini hakuinuka. Nani kasema binadamu ni malaika? Alifukuzwa kwenye pembe yake kwa kipande cha karatasi, leo akawaokoe? Jumanne akakaa tena barazani. Mwalimu Abdulrazak alileta kipaza sauti. Watoto wakatawadha huku wanamsikia vizuri zaidi. Maji yakaisha, yakaagizwa mengine, yakaisha. Saa nne Mwalimu alikaa kwenye ngazi, kipaza sauti magotini, na kwa mbali alifanana kabisa na yule mtoto wa darasa la pili aliyemwaga bakuli lake siku moja. Siku ile Bi Kazija alimjazia jingine. Hilo alilikumbuka bila ya kupenda.

Akavuka barabara.

"Nnataka nikae pembeni kwangu," alisema. "Sufuria sina, bakuli sina. Nna upawa tu."

Mwalimu alianza kusema habari za waraka. Bi Kazija akamuuliza kama waraka umekataza mtu mzima kummiminia mtoto maji. Mwalimu akafikiri, akasema haukukataza.

Lililobaki ni Maalim Talib, na hapo Mwalimu aliingiwa na baridi, maana Maalim anaondolewaje? Bi Kazija alimwendea mwenyewe. Alimwambia kwamba watoto wanamheshimu kupita kiasi cha tangi. Maalim alicheka akashika mbavu. Kumbe aliliona tangu mtoto wa kwanza, ila aliona haya. Maalim gani, alisema, atamwambia mtoto apunguze udhu? Akakubali kuhamia kwenye ukumbi mwembamba katikati ya madarasa, mahali watoto wanapopenda kusongamana. Tangu alipoweka kiti chake pale, hakusongamana mtu.

Jumatano alfajiri Bi Kazija alikuwa kwenye pembe yake, barakoa usoni, upawa mkononi, mbele yake benchi na ndoo ya maji. Aliagiza waje wanne wanne. Wa mbele alikuwa kijana wa darasa la sita, mwenye ubishi unaojulikana mpaka msitu wa Jozani. Alimwona Bi Kazija, akauona upawa, na mikono ikamtoka yenyewe, viganja juu. Wenzake watatu vile vile.

Upawa mmoja wa maji kila mtu, na sabuni. Sasa wasugue kwa muda gani? Saa hakuwa nayo. Akatumia hesabu anayoijua, ya vitu vya urojo, pole pole, kitu kimoja kimoja, huku mikono inasugua.

"Viazi. Bajia. Kachori. Mishkaki. Muhogo wa kukaanga. Chatini ya nazi. Embe mbichi. Ndimu. Pilipili kidogo."

Akirudia mara mbili, ndipo upawa wa pili wa kusuuzia. "Geuza." Kucha safi. "Pita."

Miduara ilipata wenyewe, maana hakuna asiyejua kwamba ukisukuma kwenye foleni ya Bi Kazija unarudi mwisho. Kabla ya saa mbili watoto wote mia mbili wa mkondo wa asubuhi walikuwa ndani, miguu mikavu, mate yamejaa mdomoni. Nusu ya maji ilibaki. Mwalimu Abdulrazak alimshika Bi Kazija mkono, akaikumbuka korona, akauachia.

Alhamisi akaja bibi afya. Bi Nusrat aliitwa, mwanamke mwembamba mwenye jalada na kipimo cha joto kama bastola. Alisimama nyuma ya benchi. Wanne wa kwanza walipita, yeye anaandika. Wanne wa pili, anaandika. Kufika wanne wa tatu, kalamu ilikuwa imesimama, na nyuma ya barakoa mdomo wake unafuata: kachori, mishkaki. Alipomaliza alimwambia Mwalimu kwamba skuli yake itabaki wazi. Mwalimu alitoa pumzi aliyoishika tangu Jumapili.

Mambo yangeishia hapo, na kila mtu angemshukuru Bi Kazija, na Bi Kazija angerudi nyumbani na upawa wake mtupu. Lakini mwishoni mwa foleni alikuwepo binti mdogo, rafiki wa Sumaiya, jina lake Khairat. Alinawa, akasuuza, akageuza. Akaambiwa apite. Hakupita. Aliikusanya mikono yake miwili ikawa bakuli, akangojea.

Bi Kazija alimwambia kwa upole kwamba leo yapo maji tu. Khairat akaangalia tone lililobaki kiganjani, akamwangalia yeye.

"Kwani umefanya kosa gani, Bi Kazija?"

Barakoa ilimsaidia Bi Kazija kuuficha mdomo, macho hayakupata wa kuyaficha. Mwalimu Abdulrazak aliviangalia viatu vyake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba Bi Kazija hana kosa lolote.

Bi Nusrat akauomba waraka. Aliusoma pale pale amesimama, mpaka chini. Akauliza kama muuzaji alikatazwa kwa sababu ya msongamano, na Mwalimu akasema ndiyo. Akauliza kama hapo langoni ameona msongamano, na Mwalimu akasema hapana. Basi akatoa masharti yake, akayaandika kwa mkono wake na kuyatia sahihi: kila mtoto aje na bakuli lake na kijiko chake kutoka nyumbani, asichangie na mtu, anawe kwanza, asimame kwenye duara lake. Alipomaliza aliuliza, kwa sauti ya kikazi kabisa, kama na wageni wanaruhusiwa kuja na bakuli.

Jumatatu iliyofuata sufuria ilirudi kwenye pembe yake. Wakati wa mapumziko watoto walijipanga na vyombo vyao. Palikuwa na mabakuli, makopo, vifuniko vya birika, na mmoja alikuja na karai la kukandia unga, akaapa kwamba nyumbani hawana dogo zaidi. Kelele zilikuwa zile zile. Bi Kazija alizisikia zikimpanda tangu miguuni, akafurahi hata pilipili akaitia kwa mkono mwepesi.

Mwalimu Abdulrazak akatoka ofisini na bakuli lake jeupe. Alisimama kwenye duara, akangojea zamu kama watu. Ilipofika, akalinyosha.

Bi Kazija hakuutazama uso wake. Alitazama mikono. Ilikuwa na chaki mpaka kwenye kucha.

"Rudi ukanawe."

Mwalimu alisema kengele inakaribia kulia, na kwamba nyuma yake mstari ni mrefu, na kwamba yeye ndiye mwalimu mkuu.

"Si mie, Mwalimu," alisema Bi Kazija. "Ni waraka."

Akaenda kunawa, na watoto mia mbili wakamhesabia, kuanzia viazi.