Kidonda cha Filoktete

Naapa kwa kaburi la mama yangu, hapa hapa kilabuni, mbele yenu: ni kweli tupu, sitatia chumvi hata punje.

Évrard Coutelle alirudi kutoka vitani na kidonda cha mguu kisichofunga, na katika Paris nzima kazi iliyomtaka ilikuwa moja: kusimama mbele ya mchoraji. Bwana Dargelles alikuwa akimchora kwa rangi za mafuta Filoktete, yule shujaa wa Kigiriki aliyeumwa na nyoka, wenzake wakamtupa kisiwani kwa kuwa kidonda chake kilinuka.

Daktari alimwambia Évrard alale mpaka kiangazi, mguu utapona.

"Ukilala utapona, na picha yangu itakufa," alisema Dargelles. "Kidonda kama hiki hakibuniwi, mzee wangu. Watu watapigana vikumbo kukitazama."

Ursule, mke wa Évrard, alikuwa akimbadilisha kitambaa cha kidonda. "Unamwamini mtu anayefurahi ukinuka?"

"Vitani niliumia, mke wangu, hakuna aliyegeuza shingo. Hapa nitatazamwa."

Akasimama majira yote ya baridi, uzito wote juu ya mguu ule. Picha ilipokwisha, mguu ulikuwa mweusi. Wakaukata juu ya goti.

Siku ya kuingia bure kwenye maonyesho ya picha, jumba la Louvre, alitangulia kwa magongo, nyuma yake Ursule na wanywaji wote wa mtaa huu. Alikuwa amewaonya wasile kwanza, wasije wakatapika.

Picha ilitundikwa karibu na dari. Filoktete analia, mdomo wazi, na uso kweli ni wa Évrard. Mguu umezungushiwa kitambaa cheupe, safi kama cha altare.

Dargelles alikuwa pale. "Aliyeinunua anaitaka kwa chumba cha kulia," alisema kwa upole. "Nani atakula bata mbele ya usaha? Nilikifunika kidonda siku ya mwisho, ya kupaka vanishi."

"Kipo chini ya kitambaa?" aliuliza Évrard.

"Kipo. Nilikichora vizuri mno."

"Basi kwangua, bwana. Kidogo tu. Hawa wamekuja kukiona."

"Imeshauzwa, mzee."

Évrard akabaki ameinua uso. Hapo ukumbi mzima ukaangua kilio, mabibi kwa mabwana, hata walinzi wakavua kofia na…

"Nani alilia?"

Ni Ursule, meza ya pili. Sikumwona akiingia.

"Walicheka, we babu. Na wewe ndiye uliyeanza."

Haya. Divai ya meza ile ni juu yangu leo, na mkate.