Kulisha Tu

Jua la asubuhi lilipenya pazia, na vumbi likaelea juu ya kitanda cha mama bila haraka, bila aibu, kama mgeni asiyejua kubisha hodi. Nesi alisimama mlangoni, ametoka zamu, viatu mkononi, macho mekundu. Wifi yake alikuwa akimlisha mama uji.

Mama amelazwa chali, kichwa kimezama kwenye mto. Upande mmoja wa uso umelegea tangu kiharusi kimpige. Na uji, ambao nesi aliuacha mzito, sasa ulikuwa mwepesi kama maji yaliyosuuza sufuria.

"Nimeuongeza maji, wifi, usije ukamkwama," wifi alisema kwa majivuno. "Wako ulikuwa gundi!"

Akili hizo! Akili za sebuleni, zinazotibu watu kwa kupiga soga. Nesi amezisikia mpaka zimemchosha: nesi ni wa kufuta, nesi ni wa kugeuza, nesi ni wa kubeba beseni, nesi ni daktari aliyefeli mtihani. Kaka yake mwenyewe, huyo aliyejikunja kwenye kiti na simu yake, aliwahi kuyasema mezani. Watu wakacheka, na kaka akaongezewa chakula.

"Mama, umeamkaje?" nesi aliuliza.

"Salama, mwanangu."

Sauti ilikuwa imelowa. Wifi hakuisikia, kaka hakuisikia; wao walisikia salamu. Nesi alisikia uji umekaa kooni, mwepesi, mjanja, ukitafuta njia ya mapafuni. Na mama hakukohoa. Koo lake limesahau kukohoa, na mtu wa namna hiyo huweza kufa huku anasifiwa kwamba leo amekula vizuri.

Akalinyakua bakuli.

"Unamnyima mama chakula?" wifi aling'aka.

"Mwache wifi yako," kaka akasema bila kuinua macho. "Ni kulisha tu."

Kulisha tu! Nesi aliwadharau wote wawili, kwa moyo mmoja, wala hakuficha, na dharau ile ikampa nguvu kuliko usingizi. Akamkalisha mama wima, mito mgongoni, kidevu chini. Akamwambia akohoe. Akamwambia tena, na tena, mkono begani, mpaka sauti ikakauka, ikarudi kuwa ya mama.

Akakoroga uji mwingine, mzito. Akachota kidogo kwa ncha ya kijiko, akakipitisha upande wa mdomo wenye nguvu. Akangoja, macho kwenye koo. Koo likapanda, likashuka. Akachungulia shavuni, asije akawa ameficha kitu. Akangoja tena. Hakuna aliyewahi kumpigia makofi kwa kungoja.

"Mtamu," mama alisema, sauti kavu, safi.

"Si nilisema?" kaka akacheka. "Kulisha tu."

Nesi akamnyooshea kijiko.

"Haya, kaka. Mlishe mama yako. Ukimharakisha, uji unaingia mapafuni. Anza."

Kaka akaweka simu chini, akakishika kijiko. Jua lilikuwa limefika shingoni mwa mama, likaonyesha kila mkunjo, kila mshipa, na kaka akalitazama koo lile kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Mama akafungua mdomo, akangoja. Kijiko kilisimama hewani, wala hakikufika.